HOTUBA KWA WANACHAMA: KUCHAGUA MASHINE YA MATOFALI

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wa karakana ya reli katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya mashine za matofali, kwa kuwa kikundi chetu cha akiba kimeazimia kuanza kazi ya kutengeneza na kuuza vifaa vya ujenzi. Fedha ziko benki. Kiwanja tumekwisha kukipata upande wa Athi River. Sasa amekuja wakala mwenye picha nzuri za mashine ya manjano. Anasema hutoa matofali zaidi ya 1,000 kwa siku, na ataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni nikaishia darasa la nane, na mengine nimefundishwa na spana. Lakini najua fedha hizi zilitoka wapi. Zilikatwa katika mishahara yetu mwezi kwa mwezi, na kati yetu wako wazee wanaokaribia kustaafu ambao hawana akiba nyingine. Kwa hiyo nitasema neno moja, kisha nilieleze: mashine huchaguliwa mwisho. Kwanza tazama udongo, pili mnunuzi, tatu mfuko, nne mikono itakayofanya kazi. Ukiyajua hayo manne, mashine itajichagua yenyewe.

AINA ZA MASHINE

Watu huziita zote "mashine ya matofali", na hali kazi zao ni mbali mbali.

Ya kwanza ni ya mkono. Ni sanduku la chuma lenye mkono mrefu. Unatia udongo uliochanganywa na simiti kidogo, unafunga kifuniko, unavuta mkono, na tofali linatoka limeshindiliwa. Iliyojulikana sana ni CINVA-Ram, iliyobuniwa katika miaka ya 1950 na Raúl Ramírez, mtu wa Chile, alipokuwa Bogotá katika nchi ya Kolombia. Uzito wake ni kama kilo 60, watu wawili huichukua. Watu wanne au watano waliozoea waweza kutoa matofali kama 300 kwa siku, bila umeme wala dizeli.

Ya pili hushindilia udongo vile vile, lakini kwa injini na haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa katika mabomba. Kampuni ya Hydraform ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1988, imejulikana kwa mashine hizo, na hapa Kenya wizara ya nyumba imeeneza ujuzi wa matofali ya namna hii. Matofali hayo hufungamana lile na hili, hivyo sehemu kubwa ya ukuta hujengwa bila kutia simiti kati yake. Mashine ya wakala wetu ni ya jamii hii, ingawa ni ya kiwanda kingine.

Ya tatu haitumii udongo kamwe. Hutumia simiti, mchanga, vumbi la machimbo ya mawe na kokoto ndogo. Mota huitikisa kalibu mpaka vitu vyote vikae na kushikana. Ndugu wa gangi la reli wanaielewa kazi hiyo: kokoto chini ya taruma ikipigwa na kutikiswa hukaa imara, isiposhindiliwa reli hulegea. Uzuri wa mashine hii ni kwamba ukibadilisha kalibu unabadilisha bidhaa: leo bloki za ukuta, kesho kabro za kutandika uani na barabarani.

Ya nne hukanda udongo wa mfinyanzi na kuukata, kisha matofali huchomwa katika tanuri. Yataka udongo mzuri wa mfinyanzi na kuni nyingi. Sisi hatuna hata kimoja, basi sitaikawilia.

UDONGO WETU

Ndugu zangu, nani kati yetu amechimba udongo wa kile kiwanja? Sote tunaujua udongo wa nyanda za Athi. Ni mweusi. Wakati wa mvua hushika viatu mpaka mtu akachoka kutembea, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Tofali lililofanywa nao litavimba na kupasuka vivyo hivyo, hata likishindiliwa na mashine ya fedha nyingi namna gani.

Udongo unaofaa mashine za kushindilia ni wenye mchanga na changarawe zaidi ya nusu, na ufinyanzi kidogo wa kuushikanisha. Mara nyingi ni udongo mwekundu wenye changarawe. Chimba chini ya ile tabaka ya juu yenye mizizi na mboji, maana hiyo haifai.

Kuupima hakutaki maabara. Chukua chupa ya kioo, tia udongo nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha uiache. Mchanga hutua chini upesi, ufinyanzi hukaa juu yake baadaye, na kesho yake utaona matabaka kwa macho yako.

Kipimo cha pili ni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, ujaze udongo uliolowa sana, ulikaushe juani siku 3 au kivulini siku 7. Sukuma udongo upande mmoja, upime pengo lililobaki. Kwa mashine ya mkono, pengo likiwa chini ya milimita 15, changanya sehemu 1 ya simiti na 18 za udongo. Likiwa kati ya milimita 45 na 60, itakulazimu sehemu 1 kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime tena, au tafuta udongo mwingine.

Tazameni maana yake katika shilingi. Tofali la CINVA-Ram lina urefu wa sentimita 29, upana 14 na kimo 9, na humeza kama lita 6 na nusu za udongo mlegevu. Kwa mfuko wa simiti wa kilo 50, udongo mzuri utakupa matofali kama 100. Ule mbaya utakupa kama 65. Mashine ni ile ile, watu ni wale wale, lakini theluthi moja ya simiti yako imekwenda bure. Wakala hawezi kukuambia hilo, kwa sababu hajauona udongo wako.

MFUKO

Sasa tuifanye hesabu ya matofali 1,000 kwa siku. Kwanza, mashine hulishwa. Matofali 1,000 ya kipimo kile nilichotaja yataka lita 6,500 za udongo, yaani ndoo 325 za lita 20, uliochimbwa, uliochekechwa na kuchanganywa. Na mchanganyiko wenye simiti haungoji: yafaa ushindiliwe katika muda wa saa moja, la sivyo simiti huanza kushika. Kama wachanganyaji ni watu wawili wenye koleo, ile mashine kubwa itasimama ikila dizeli na kuwangoja.

Pili, tofali la udongo na simiti haliuzwi siku lilipotoka. Sharti lifunikwe kwa karatasi ya nailoni na kutunzwa na unyevu siku 7 kwa uchache, na ni vizuri likae siku 28 kabla ya kujengea. Wanaoharakisha hapa ndio wanaouza matofali yanayomeguka pembe ndani ya lori. Basi tukifanya kazi siku 24 katika mwezi, tutakuwa na matofali 24,000 kiwanjani kabla ya kuuza hata moja. Kwa matofali 100 kwa kila mfuko, hiyo ni mifuko 240 ya simiti iliyokwisha kulipiwa, pamoja na mishahara, dizeli na maji. Tena matofali ya zile mashine za injini mara nyingi ni makubwa zaidi, basi simiti itazidi. Kwa mashine ya mkono, matofali 300 kwa siku, ni mifuko 72 tu. Bei aliyotupa wakala ni ya mashine peke yake. Tukimaliza akiba kwa kuinunua, tutailisha nini?

MNUNUZI

Twende kwa mnunuzi. Mjenzi wa Nairobi na vitongoji vyake amezoea mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine. Ayajua, na fundi wake ayajua. Bidhaa yetu sharti imshinde kwa bei, au kwa kupatikana karibu, au kwa kuwa sawa sawa hata fundi apunguze simiti ya kuunganisha na kupaka. Tukileta udongo mwekundu kwa lori kutoka mbali, tumekwisha kushindwa kwa bei kabla ya kuanza.

Lakini Athi River ina neema yake. Viwanda vya simiti viko pale pale, na machimbo ya mawe hayako mbali. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mashine ya kutikisa huvihitaji. Kwa maoni yangu, kiwanja chetu kinataka mashine ndogo ya kutikisa, ya kalibu za kubadilisha, ili bloki zisipotoka tuuze kabro. Ile ya mkono yawafaa wanachama wenye udongo mwekundu makwao mashambani. Kikundi chaweza kununua moja na kuikodisha kwa zamu. Ile ya manjano haitufai, hata ikiwa ni mashine bora kabisa mahali pengine.

VIPURI

Kila mashine huharibika. Swali ni nani ataitengeneza, na kwa siku ngapi. Pini ya mashine ya mkono ikikatika, fundi wa jua kali atachonga nyingine kabla ya jioni. Mashine ya kutikisa hula mikanda, beringi na mabamba ya kalibu, na hivyo vyapatikana mjini. Lakini mpira wa haidroliki wa kipimo kisichojulikana ukipasuka, huenda ukangoja meli.

Kabla ya kununua mashine yo yote, mwambieni muuzaji awaonyeshe mahali ilipofanya kazi miaka miwili. Msiongee na tajiri peke yake, ongeeni na yule anayeitia grisi. Ulizeni kilichovunjika kwanza. Pimeni kimo cha matofali ishirini, la kwanza hata la ishirini. Yakitofautiana, kalibu imelika na ukuta utakwenda upande. Tieni moja majini usiku kucha mwone asubuhi limekuwaje. Na kama mota yataka umeme wa fezi tatu, waulizeni Kenya Power gharama ya kuuleta kabla ya kutia sahihi. Tena, shirika la viwango la KEBS lilitoa kanuni za matofali ya udongo na simiti mwaka 1993, na bloki za simiti zina kanuni zake pia. Tupate matoleo yaliyo ya karibuni, maana mkandarasi wa maana atatuuliza.

MIKONO

La mwisho ni zito kwangu kuliko yote. Siku tutakapowasha mashine hiyo, tutakuwa waajiri. Kijana atakayetia mchanga katika kalibu atakuwa na vidole kama vyetu. Mkono wa ile mashine ya kuvuta ukiponyoka humpiga mtu kidevuni. Vumbi la mawe na simiti huingia kifuani likae. Sheria ya usalama kazini na sheria ya fidia kwa walioumia kazini, zote mbili za mwaka 2007, zitatuhusu sisi kama zinavyowahusu wale tunaowapelekea barua kila mwezi. Basi bei ya mashine iandikwe pamoja na kinga ya mikanda, viatu, glavu, vitambaa vya pua na bima. Mashine isiyo na kinga ni rahisi kwa sababu gharama yake nyingine italipwa na mtu mwingine kwa mkono wake. Na tusimlipe kijana kwa hesabu ya matofali mpaka akimbie na kuacha kidole. Jambo tulilolikataa kwa waajiri wetu, tusilifanye nyuma ya ukuta wetu wenyewe.

SHAURI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya mambo matatu. Kwanza, wakala asilipwe hata senti moja mwezi huu. Kama mashine yake ni nzuri, mwezi ujao itakuwa nzuri bado. Pili, wachaguliwe watu watano, mmoja wao awe dada anayejua kuweka hesabu, waende kwa wajenzi kumi na kwenye viwanja viwili vya bloki, warudi na bei zilizoandikwa. Tatu, wachanganye mfuko mmoja wa simiti katika mashine ya kutikisa ya kukodi, wahesabu bloki zilizotoka, wazitunze siku 28, kisha zipelekwe kupimwa nguvu. Gharama ya mfuko mmoja twaweza kuipoteza. Akiba ya watu hatuwezi.

Mwenye swali na aulize, na mwenye kunipinga na anipinge hapa mkutanoni, tusiyaseme kule kantini.