Mtu Mmoja, Kinga Moja: Nani Anaweza Kulala Njiani?

Maneno ya ofisa wa eneo mbele ya kamati za wakimbizi wa ndani, machefu wa grupema na vikundi vya akina mama

 

Tumekutana kutayarisha ziara ya kwenda kuona, yaani ile safari ambamo wajumbe wachache wanatangulia kufika katika vijiji mlivyoviacha, wanatazama hali kwa macho yao, kisha wanarudi kuwaeleza wenzao. Nimeombwa niseme juu ya usalama wa njia. Ningeweza kuwasomea ripoti, lakini ripoti mmesomewa nyingi na bado mko hapa chini ya mahema. Basi mniruhusu nianze na mtu wa baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita.

Mtu huyo aliitwa Kazimierz Nowak, mtu wa Poland. Alikuwa na mke na watoto wawili, na kazi ilikuwa imepotea kwa sababu ya ile shida kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Mwezi wa Novemba 1931 aliondoka kwake na baiskeli iliyokwisha kutumika miaka saba, akavuka bahari mpaka Tripoli, nchini Libya, akaanza kuteremka Afrika kuelekea kusini. Alikuwa peke yake. Hakuwa na gari la kumfuata wala wapagazi wa kumbebea mizigo. Chakula alikilipia kwa picha na makala alizokuwa akizituma nyumbani, ambako mke wake alizipeleka kwa magazeti. Alipita Misri, Sudani, Kongo yetu, Rwanda na Burundi, na mwaka 1934 akafika Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara hili. Mtu mwingine angepanda meli arudi. Yeye aligeuka na kupanda tena kaskazini kwa njia nyingine: kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi, na jangwani kwa ngamia. Mtumbwi wake aliupa jina la mji wake, Poznań, akateremka nao katika mto Kasai. Alifika Algiers mwezi wa Novemba 1936. Ni karibu kilometa 40,000, karibu sawa na kuizunguka dunia yote mara moja kwenye ikweta. Malaria ilikuwa imemmaliza, na alikufa Oktoba 1937, akiwa na miaka 40 tu. Makala zake zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 2000, yaani miaka zaidi ya sitini baada ya kifo chake.

Najua kuna mzee hapa anayejiuliza: huyo mzungu wa zamani anatuhusu nini? Mzee, uko na haki. Tuseme ukweli wote. Nowak aliweza kupita kwa sababu alikuwa mtu wa Ulaya katika nchi iliyotawaliwa na watu wa Ulaya. Mkongo wa miaka ile hakuruhusiwa kuhama kwao bila karatasi ya wakubwa, na kiboko kilikuwa kikifanya kazi. Vijiji vingi vilisukumwa vikae kando ya barabara, ili serikali iweze kuhesabu watu na kuchukua kodi, na wanakijiji haohao ndio walioilima na kuitengeneza barabara hiyo kwa mikono. Kwa hiyo mgeni alipita akiwa huru juu ya njia iliyotengenezwa na watu wasio huru. Nowak mwenyewe alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mambo ya ukoloni aliyoyaona, hilo tumhesabie. Lakini upole wake haukuwa ndio uliomfungulia njia.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo karatasi ya wakubwa haikuweza kumpa, nalo ndilo lililonifanya nimtaje. Ni usiku.

Mtu wa baiskeli mchana ana macho, ana miguu, akiona mbaya anageuka. Usiku anafunga macho yake na kuyaacha mikononi mwa wengine. Hema ni kitambaa tu. Ninyi mnalijua hilo kuliko mtu yeyote. Anayelala hemani anahitaji maji, mahali pakavu, na zaidi ya vyote anahitaji wenye kijiji wajue kwamba yuko na wakubali awepo. Desturi yetu ilikuwa wazi. Mgeni anafika kabla jua halijazama, anauliza nyumba ya chefu au ya kapita, anashusha mzigo mahali watu wanapouona, anasema jina lake, anakotoka na anakokwenda. Anapewa moto na maji. Tangu hapo, akipotea sindano yake moja, aibu ni ya kijiji chote. Kumbe hakulala salama kwa sababu ya hema. Alilala kwa sababu kuna mtu aliyejibu kwa ajili yake.

Sasa tumwache Nowak, maana mabingwa wa kazi hii tunao wenyewe. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, mto ulipokatwa na mstari wa mapigano kati ya Kinshasa na Kisangani, na barabara kubwa zikarudi kuwa msitu, nani aliyebeba chumvi, sabuni, nguo na mafuta ya mawese? Ni watu wa kinga. Huko Kasai na pande za Tshopo walisukuma mizigo mikubwa siku nyingi mfululizo, kwa miguu, kinga ikiwa kama punda. Mmewaona: wanatoa pedali, wanafunga fimbo ndefu kwenye usukani ili waweze kuiongoza wakitembea pembeni, na fimbo nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia. Bidoni za njano zimening'inia pande zote. Kwenye mteremko mtu huyo anakuwa breki mwenyewe. Na huku kwetu Kivu kuna ndugu wa chukudu, chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kinachoteremsha viazi, makala na mbao mpaka Goma. Hakuna mtu aliyewapa medali kwa urefu wa safari, ingawa mjini Goma chukudu yenyewe ilijengewa sanamu, na kwa maoni yangu ni sanamu inayostahili kuliko nyingi.

Watu hawa wanajua njia kuliko ofisi yoyote, yetu ikiwemo. Sisi wa mashirika tunapita na jeep yenye bendera, saa nne asubuhi, watoto wanapunga mikono, tunaandika kwamba barabara inapitika. Mtu wa kinga anajua kijiji gani kinatoa maji na kipi kinayauza, veranda ipi unaweza kulala na mzigo ukaukuta asubuhi, na kilima gani hutakiwi kukifikia baada ya saa kumi.

Anajua pia barieri. Watafiti walipozihesabu katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, walipata vizuizi 798. Vingine vilikuwa vya waasi, vingine vya askari na watumishi wa serikali, na kwa mwenye mzigo tofauti yao haikuwa kubwa. Sehemu fulani wananchi walilipishwa kodi iliyoitwa «lala salama». Sikilizeni jina hilo. Kile ambacho babu zetu walimpa mgeni bure, pamoja na moto na maji, mwenyeji mwenyewe analipishwa ili alale nyumbani kwake.

Na barieri haisomi faranga peke yake. Inasoma kadi ya mchaguzi: jina, mahali ulipozaliwa. Kutokana na hapo mtu anaamua wewe ni wa nani. Ndiyo sababu nawaomba vijana, kwa heshima yote: asiondoke mtu peke yake na kinga usiku au alfajiri kwenda kutazama shamba la baba. Najua njaa inasukuma, na najua muhogo unaozeeka ardhini unaumiza moyo. Lakini mtu mmoja asiyejulikana, anayetazama huku na huku, mwenye simu yenye picha, anaitwa mpelelezi pande zote mbili.

Haki ya kwenda ni yenu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 14 kwamba mtu aliyehamishwa ana haki ya kutembea kwa uhuru, kuingia na kutoka kambini. Kanuni ya 28 inasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba wahusika wenyewe washiriki katika kupanga. Kwa hiyo asije mtu, hata awe na kofia kubwa, akawaambia rudini kesho kwa sababu amesaini karatasi mjini. Na asije mwingine akawakataza kurudi kwa sababu kambi inamfaa yeye.

Sasa wajumbe wakifika kule waulize nini? Mara nyingi wanaulizwa nyumba ngapi zimebaki, shule ina paa, kisima kinatoa maji. Hayo yaandikwe, ni ya lazima. Lakini paa linajengwa kwa mwezi mmoja. Mimi nataka mtafute watu wa kinga na akina mama wa soko, wale wanaokwenda bila askari, muwaulize mlilala wapi jana. Msiwaulize mbele ya wakubwa. Ulizeni kisimani, ulizeni wanapopumzisha mzigo. Muulizeni pia mtu wa kabila lile jingine kama naye analala hapo, au anavuka haraka kabla ya jua kuzama. Kijiji ambacho watu wa aina moja wanalala na wa aina nyingine wanapita mbio, hicho bado, hata kama kina paa mpya za mabati.

Na mwangalie chefu analala wapi. Kuna vijiji ambavyo chefu anafika asubuhi, anakaa chini ya mti, anasalimu wageni wa mashirika, na saa tisa anarudi mjini. Simlaumu, ana watoto. Lakini mtu asiyeweza kulala kwake atawezaje kujibu kwa ajili ya mgeni? Mkikuta hivyo, andikeni hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Wajumbe wenyewe waende kwa kikundi, si mmoja mmoja: wanaume na wanawake, wa jamii zote mbili, na angalau wawili ambao wana jamaa kule waliobaki. Na safari iwe na usiku mmoja ndani yake. Najua wenzangu wa ofisi wanapendelea kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa sababu za usalama, na tumebishana sana juu ya hilo. Jibu langu ni kwamba, kama hatuthubutu kuwalaza wajumbe kumi na wawili usiku mmoja kwa makubaliano na machefu, hatuna ruhusa ya kuwalaza kina mama na watoto wao huko miaka yote.

Majina ya wajumbe yapelekwe kwa rais wa kamati kabla ya Jumapili. Lakini kabla ya majina, nawarudishia neno ninyi machefu mlioketi mbele, na naomba kila mmoja asimame na kujibu kwa kijiji chake, watu wakisikia: ni nani kati yenu aliyelala kwake wiki hii, na ni mgeni gani wa mwisho aliyelala kwako?