Kompyuta kwenye darubini

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kipande cha kioo. Mwanamke aendapo kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, muuguzi humpangusa kidogo, akaupaka ute ule kiooni. Kioo hutiwa rangi, kisha mtaalamu hukitazama kwa darubini. Ni kazi ya George Papanicolaou, aliyetoa kitabu chake pamoja na Herbert Traut huko Marekani mwaka 1943.

Kioo kimoja kina maelfu ya chembe, na zenye kasoro zaweza kuwa chache tu, kama mawe kwenye mchele. Mtaalamu huangalia hasa kiini cha chembe: kimevimba? Kimekoza rangi? Kingo zimepinda? Macho huchoka. Na kwetu wataalamu hao ni haba, basi kioo husubiri, na mwenyewe kesharudi kijijini bila jibu.

Ndipo inapoingia kompyuta. Hupewa picha za chembe, ikapima ukubwa wa kiini na weusi wake, ikazitenga zinazotia shaka. Marekani iliruhusu mitambo ya namna hiyo tangu miaka ya 1990, ila ilikuwa ya maabara kubwa.

Habari njema imetoka Kinondo, huko Kwale. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walipimwa wanawake 740 wenye virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Vioo vilipigwa picha hapo hapo kwa mtambo mdogo, picha zikasafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta iliyokwisha kufunzwa. Hakuna kioo ambacho mtaalamu alikiona na kasoro kubwa, kompyuta ikakiita safi. Ilishuku, ni kweli, na baadhi ya wasio na tatizo.

Tusishangilie mapema, lakini. Jaribio la Manchester, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuta usomaji wa kusaidiwa na mashine ukikosa kasoro ambazo macho ya watu yalizinasa. Kwa maoni yangu, mashine ichambue, mtu aamue.

Kisha kuna la baada ya jibu. Kasoro ikionekana mapema huondolewa kwa kugandishwa au kuchomwa, kabla haijawa saratani. Picha husafiri kwa dakika chache. Je, wizara zetu zinazopanga kununua mitambo zimehesabu pia vyumba vya tiba hiyo, na nauli ya mama wa kutoka mbali?