Kuondoa Lami Mtoni: Usafishaji wa Mashapo Kando ya Viwanda vya Zamani vya Gesi

Gesi iliyowasha taa za mitaani katika miji ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19 ilitengenezwa kiwandani. Makaa ya mawe yalifungiwa ndani ya tanuri lisilopitisha hewa, yakapashwa moto hadi yakatoa gesi, nayo ikapozwa, ikasafishwa na kusambazwa kwa mabomba. London ilipata kampuni ya kazi hiyo mwaka 1812, Baltimore ikafuata mwaka 1816. Viwanda vingi vilijengwa kando ya maji, kwa kuwa makaa yaliletwa kwa tishari. Gesi asilia ilipofika kwa mabomba marefu, nchini Marekani hasa katika miaka ya 1950, vilifungwa kimoja baada ya kingine. Matangi yalibomolewa, lami iliyotoka katika makaa hayo ilibaki.

Lami ya makaa ya mawe ni kimiminika cheusi chenye harufu ya dawa ya nondo, kwa sababu naftalini ni sehemu yake kubwa. Ndani yake mna pia benzini na hidrokaboni zenye pete nyingi, ikiwemo benzopireni inayosababisha saratani. Tabia inayoisumbua zaidi kazi ya usafishaji ni uzito wake. Sehemu kubwa ya lami hii ni nzito kuliko maji, hivyo haielei ikachukuliwa na mkondo. Huzama ardhini, hupita katika mchanga na changarawe, hufuata mteremko wa tabaka za mfinyanzi na kutokea tena chini ya mto. Ikishaingia katika mashapo, yaani tope na mchanga uliotulia sakafuni, hukosa oksijeni ambayo bakteria wangeihitaji ili kuivunjavunja. Inaweza kukaa humo miaka mia na isipungue sana.

Dalili zake huonekana kwa macho. Siku za joto, tope linalooza hutoa viputo vya methani. Kiputo kikipanda hubeba utando mwembamba wa lami, na kikipasuka juu ya maji huacha duara la rangi za upinde wa mvua linalotanuka polepole.

Kuchimbua tope ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa, na mara nyingi haiepukiki. Katika mto Willamette, mjini Portland, jimbo la Oregon, kiwanda cha Gasco kilitengeneza gesi kutokana na mafuta kuanzia 1913 hadi 1956. Mwaka 2005, takriban mita za ujazo 11,500 za lami na tope zilitolewa mtoni mbele ya eneo hilo. Hata hivyo, visima vya kuvuta maji yaliyochafuka chini ya ardhi vililazimika kuwekwa ukingoni baadaye, maana chanzo kilikuwa nchi kavu. Usafishaji unaoanzia katikati ya mto na kuuacha ukingo ukivuja ni kazi itakayorudiwa, na watakaoulipia ni wakazi na wavuvi wa mahali hapo.

Mfereji wa Gowanus, huko Brooklyn, New York, unaonyesha kazi ilivyo pana. Zamani ulikuwa kijito cha maji ya kujaa na kupwa. Ukachimbwa kuwa mfereji wa viwanda wenye urefu wa kilomita 2.9 hivi, na viwanda vitatu vya gesi vikasimama kandokando yake. Shirika la serikali ya Marekani la Hifadhi ya Mazingira liliuweka katika orodha ya maeneo yaliyochafuka zaidi nchini humo mwaka 2010. Mpango wa kuusafisha ulipitishwa mwaka 2013, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 506. Uchimbuaji mkuu ulianza mwaka 2020.

Kwanza hujengwa kuta za mabamba ya chuma ukingoni. Kuta hizi huzuia lami ya nchi kavu isiingie tena, na huushikilia ukingo usiporomoke tope la miguuni pake linapoondolewa. Kisha huja ndoo yenye taya mbili zinazofungana, hushushwa taratibu ili isitibue maji, huku pazia la kitambaa likizuia tope lisisambae. Tope hupakiwa kwenye tishari, huchujwa maji na kuchanganywa na saruji au kitu kama hicho ili likauke na kusafirishika. Harufu ni kali, na mafundi hulifunika kwa povu ili majirani wasidhurike.

Hakuna ndoo inayomaliza kila kitu. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2007 ilieleza kwamba uchimbuaji wowote hutibua kiasi fulani cha sumu na kuacha mabaki. Chini ya tope jeusi la Gowanus mna udongo wa asili uliokwisha kulowa lami, tena kwa kina kisichochimbika chote. Mahali lami inapoweza kupanda, saruji huchanganywa na udongo huo hapohapo ulipo hadi ugande.

Juu ya udongo huo huwekwa kifuniko. Mchanga mtupu hautoshi, kwa sababu maji ya ardhini husukumwa kwenda juu na kubeba sumu iliyoyeyuka. Kwa hiyo tabaka la chini lina mfinyanzi maalumu unaonasa mafuta na mkaa amilifu unaonasa sumu iliyoyeyuka. Hufuata mchanga na changarawe, kisha mawe ya kuhimili mikondo na mapangaboi ya vyombo. Mapengo kati ya mawe hujazwa mchanga safi ili viumbe wa sakafuni wapate makazi.

Mpango wa Gowanus ulidai pia matangi mawili ya chini ya ardhi, moja la takriban lita milioni 30 na jingine la milioni 15. Kila mvua kubwa iliponyesha, mitaro ilifurika na kumwaga majitaka na tope jipya mferejini. Bila matangi hayo kifuniko kingezikwa chini ya uchafu mpya. Sumu ikibaki chini ya kifuniko, sheria ya Marekani inataka ukaguzi angalau kila baada ya miaka 5: unene wa tabaka hupimwa, maji yaliyomo kati ya chembe za mchanga huchukuliwa sampuli, na visima vya ukingoni huangaliwa kama lami imeanza tena kujikusanya.