Uwezo wa Wanahewa Hauhesabiwi kwa Ndege Peke Yake

(Hotuba iliyotolewa mjini Tanga na mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Mmenitaka nizungumze juu ya ndege za Jeshi letu, uwezo wake, na namna ya kuzifanya ziwe za kisasa. Siri za ulinzi sizijui, na hata ningezijua nisingezitoa hapa. Lakini historia ya Wanahewa wetu ni jambo la wazi, nayo inatosha kutufundisha.

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamekwisha ingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilieleza Taifa kwamba tunayo mambo matatu: sababu, nia na uwezo. Sababu na nia hueleweka upesi. Leo naomba tulichambue hilo la tatu, maana ndilo linalosahaulika upesi vita vinapokwisha.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Mapema Novemba 1914, Waingereza waliteremsha Ras Kasone jeshi la askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Waliamini kwamba mji huu una walinzi wachache tu. Hawakuwa na ndege hata moja ya kuwachungulia wenzao, wala hawakujua kwamba reli ya Usambara ilikuwa ikileta askari wa jeshi la Wajerumani kutoka Moshi. Walinzi walikuwa kama 1,000 tu, lakini ilipofika tarehe 5 Novemba wavamizi walikuwa wakirudi melini, wameacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Vita vile havikuwa vyetu, ijapokuwa damu ya Waafrika ilimwagika ndani yake. Hata hivyo somo lake ni letu: jeshi lisilo na macho ni jeshi kipofu, hata likiwa kubwa namna gani.

Sasa tutazame macho yetu wenyewe. Pwani yetu, kutoka Jasini mpakani na Kenya hadi mto Ruvuma, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,400, na haki yetu ya uchumi baharini inafika maili 200 kutoka ufukweni. Mwaka 2009 meli ya uvuvi iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika eneo hilo ikiwa na shehena ya samaki karibu tani 300. Wakaguzi wetu walikuwamo katika doria ile, lakini meli iliyowachukua ilikuwa ya Afrika Kusini. Tunawashukuru ndugu zetu hao. Lakini swali linabaki: ni meli ngapi zilikwisha kupita kabla ya hiyo bila ya kuonwa na mtu? Na leo Chongoleani, ng'ambo tu ya mji huu, ndiko mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mwenye mali kama hiyo ufukweni hawezi kulala usingizi wa pono.

Wako wasemao kwamba nchi maskini haina haja ya ndege za kijeshi. Hao wamesahau Bukoba, iliyopigwa mabomu na ndege za Amin mwaka 1978. Wako wengine wasemao kwamba dawa ni kununua ndege nyingi na kubwa zaidi. Hao nao wamesahau Mwanza. Machi 1979 ndege ya Libya ya aina ya Tu-22, mojawapo ya ndege kubwa za mabomu zilizoundwa na Urusi, ilitumwa kuushambulia mji ule kwa ajili ya kumwokoa Amin. Mabomu yake yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Ndege ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini mkono uliotumwa kuitumia haukutosha. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, Kampala ikatekwa.

Ndugu wananchi, historia ya ndege zetu ni historia ya kujifunza kwa mwalimu mmoja baada ya mwingine. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalituonyesha kwamba jeshi tulilorithi kwa mkoloni halikuwa letu, na Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi likaundwa. Ujerumani Magharibi ikakubali kutufundishia marubani. Haukupita muda. Mapema mwaka 1965, kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo nchini, Ujerumani Magharibi ilikata msaada wake wa kijeshi, na walimu wake wakafunga mizigo. Serikali yetu haikupiga magoti, bali iliwaambia waichukue na misaada mingine iliyobaki. Ikaja Kanada, ikatufundisha hadi mwaka 1970 na kutupatia ndege za uchukuzi za Otter na Caribou. Kisha China ikatufundishia marubani wa ndege za kivita, na Ngerengere, mkoani Morogoro, pakawa kituo kikuu cha ndege hizo.

Rafiki wa kweli hasemwi kwa ubaya. Lakini tukumbuke kwamba kila mwalimu huja na ndege zake, vipuri vyake na vitabu vyake vya ufundi katika lugha yake. Akiondoka, fundi huanza upya.

Jambo hilo halikwisha na miaka ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndege mpya za F-7 kutoka China zilichukua nafasi ya zile kongwe. Aina hiyo ina asili yake katika MiG-21 ya Urusi, iliyoruka mara ya kwanza katika miaka ya 1950. Mwaka 2013 China iliacha kabisa kuziunda ndege za jamii hiyo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mwenye ndege hizo, awe sisi au nchi nyingine, kila mwaka unaopita atatafuta vipuri katika ghala linalopungua. Kuzitunza kunategemea zaidi akili na mikono ya mafundi wa hapa kuliko barua ya kuagiza.

Ninyi watu wa Tanga mnalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Nahodha wa jahazi haulizwi chombo chake kina umri gani. Huulizwa kilipandishwa lini ufukweni, kikatiwa kalafati na kupakwa deheni. Jahazi kuukuu lililotunzwa hufika Pemba, na jipya lililopuuzwa huzama kabla ya kuupita mkondo. Ndege ni vivyo hivyo. Injini ya ndege ya kivita huhesabiwa saa za kuruka, na saa zikitimia, haina budi kufunguliwa yote na kukaguliwa, hata kama haijaonyesha dosari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa angani haukupi nafasi ya kujenga kitu.

Kwa hiyo, tunaposema Wanahewa wawe wa kisasa, mimi naona mambo matatu. Kwanza, chombo kichaguliwe kwa kazi iliyopo. Kwa pwani yetu, ndege ya doria inayokaa hewani saa nyingi, helikopta ya uokoaji, na ndege isiyo na rubani huenda zikatufaa mara nyingi zaidi kuliko ndege iendayo kasi kuliko sauti. Pili, mkataba wa kununua ndege uwe pia mkataba wa vipuri na wa kuwafundisha mafundi, na fedha za matunzo zitengwe kabla ya fedha za ununuzi. Tatu, fundi aheshimiwe kama rubani. Siku ya gwaride tunamshangilia anayepita juu ya vichwa vyetu, lakini aliyemwezesha kupita yuko chini, mikono yake ina grisi, na jina lake hatulijui.

Hapo, ndugu walimu, ndipo zamu yenu inapofika. Katika shule niliyosoma mimi tulifundishwa kani za ndege kwa chaki na ubao. Chumba cha maabara kilikuwapo, lakini kilikuwa ghala la madawati mabovu. Tulikariri, tukafaulu, na wengi wetu hatukuwahi kufungua hata pampu ya baiskeli. Taifa halipati mafundi wa injini kwa njia hiyo. Mtoto wa Muheza au Pangani anayepima, anayekosea na kupima tena leo, ndiye atakayeaminiwa kesho kutia sahihi kwamba ndege hii salama, iruke.

Na ninyi watumishi wa Serikali, ombi la vifaa vya maabara likifika mezani kwenu, msilione kuwa jambo dogo la elimu linaloweza kungoja. Nalo ni ombi la ulinzi wa Taifa.

Sababu tunayo, na nia tunayo. Uwezo hauna budi kufanyiwa kazi kila siku, wakati wa amani.