Dinari Isiyo na Sura ya Mfalme

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, wafalme wa kale walijua kuwa sarafu hufika hata mahali ambapo majeshi hayafiki. Kwa hiyo waliitumia dhahabu kujitukuza wao na miungu yao. Dhahabu ya Alexander wa Makedonia ilikuwa na kichwa cha Athena, mungu wa kike wa Wayunani. Kanishka, mfalme wa Wakushani katika karne ya 2 Miladia, alichorwa upande mmoja akitoa sadaka madhabahuni, na upande wa pili ikawekwa miungu ya Wayunani, ya Wafursi na ya Wahindi. Naye Heraclius, Kaizari wa Warumi (610–641), alichorwa pamoja na wanawe, na nyuma yao ukapigwa msalaba juu ya ngazi.

Waislamu wa mwanzo walifanya biashara kwa dhahabu hiyo ya Warumi, wakiipima kwa uzito wake. Kisha Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akapiga dinari zake. Kwanza zilikuwa na sura yake mwenyewe, amesimama na upanga. Lakini mwaka 77 Hijria (696/697 Miladia) aliiondoa sura hiyo, na mahali pake yakaandikwa maneno ya Tawhidi na mwaka wa kupigwa sarafu. Hata jina la Khalifa halikuandikwa. Mtawala wa dola kubwa alijiondoa katika dhahabu yake, akabakisha utajo wa Mola wake.

Hata hivyo tusidanganyike. Sanamu yaweza kufutwa katika sarafu ikabaki moyoni. Mtume (S.A.W.) alimtaja mtumwa wa dinari kuwa ni mtu aliyeangamia, wala hakuuliza dinari hiyo ina sura ya nani. Dinari ile ilikuwa na uzito wa gramu 4.25, na nisabu ya zakka ni dinari 20, yaani gramu 85 za dhahabu. Mwenye kumiliki kiasi hicho mwaka mzima, kisha akazuia asilimia 2.5 ya maskini, anamtukuza nani? Na mwenye kupunja mizani dukani, kisha akawahi safu ya mbele msikitini, je?

Tujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Tunamuomba Allah (S.W.) aitakase mali yetu na nyoyo zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.