Darubini ya Mkononi na Darubini ya Bunduki

Sisi ni wazee wa ushirika mmoja hapa Ekero, karibu na Mumias, nasi tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi asubuhi ya leo. Mlio na Biblia karibu, fungueni Injili ya Marko, sura ya 8, kutoka mstari wa 22 hadi wa 26. Mlio jikoni au njiani endeleeni na kazi zenu, tutawasimulia.

Lakini kabla ya kufika Bethsaida, tutaanza na bunduki. Msishtuke.

Katika ushirika wetu yuko mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyama kwa miaka mingi. Mnajua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, kwa hiyo bunduki aliyoizoea haikuwa ya kuwindia. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari wa wanyama. Ndovu akinaswa mguu na waya wa majangili, hakuna awezaye kumsogelea na kumfungua. Sharti alazwe usingizi kwanza. Ndipo hutumika bunduki inayorusha sindano yenye dawa, na juu yake imefungwa darubini. Sindano ikiingia katika msuli mnene wa tako au wa bega, mnyama hulala baada ya dakika chache, waya hukatwa, kidonda huoshwa, naye huamshwa kwa dawa nyingine. Ikiingia kifuani, aliyekuja kuponya huenda akaua.

Jioni moja mzee huyu alitueleza jinsi darubini ya bunduki inavyotengenezwa ili ione vizuri. Hakuwa na bunduki, bila shaka. Alishika kipande cha muwa akakiweka begani, nasi tukacheka, kisha tukaacha kucheka.

Alisema kwamba ndani ya darubini hiyo mna nyuzi mbili nyembamba nyeusi zinazokatana, nazo hufanya msalaba. Mtu asiyefundishwa hutafuta kwanza mnyama, akisha kumwona anafurahi na kulenga. Aliyefundishwa huanza na msalaba. Bunduki ikiwa tupu, huielekeza penye anga tupu, ambapo hapana mti wala mnyama wa kuvuta jicho, kisha huzungusha pete iliyo upande wa jicho mpaka msalaba uonekane mweusi na mkali. Na hapo, akasema, usikodoe macho. Tazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu, halafu geuka utazame mbali, halafu rudi. Kwa nini? Kwa sababu jicho la mtu linajua kujidanganya. Ukikodoa kwa muda mrefu, jicho lenyewe hujikaza na kuuvuta ukungu mpaka uonekane kama si ukungu. Utaapa kwamba waona sawasawa. Kumbe ni jicho linalojitahidi, na likichoka, kila kitu chafifia tena, labda wakati uleule unapovuta kidole.

Tena pete hiyo hutengenezwa kwa jicho la mtu mmoja. Ukiazima bunduki ya mwenzako utaona kama yeye alivyopanga, wala si kama wewe unavyohitaji. Hata jicho lako mwenyewe hubadilika kwa umri, kwa hiyo mzee yule kila mwaka alirudi penye anga tupu akaanza upya. Akataja na mengine: jicho likae umbali wa sentimeta nane au kumi kutoka kioo, maana ukikaribia mno utaona duara jeusi, na mshtuko wa bunduki utakupasua nyusi, vumbi lipulizwe kabla ya kufutwa, kwa sababu ukilisugua kwa pindo la shati utakikwaruza kioo. Tena ukivuta mnyama karibu sana utaona jicho lake na usione wenzake waliosimama kandokando.

Halafu akatuambia kanuni ambayo, alisema, askari mpya akiivunja hunyang'anywa bunduki siku hiyohiyo. Usitumie kamwe darubini ya bunduki kutafuta kujua kile unachokiona ni nini. Kwa kazi hiyo iko darubini ya mkononi, ile ya kutundika shingoni. Maana ukitazama kichaka kwa darubini ya bunduki ili ujue kama ni nyati au ni mama anayeokota kuni, mama huyo amekwisha kulengwa. Kwanza jua. Kisha, ikiwa lazima, inua bunduki.

Jambo hili si geni katika nchi hii ya Mumias. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington alifika hapa, palipoitwa siku zile Kwa Sundu. Aliwaacha watu wake wengi pamoja na shemasi Mwafrika, William Jones, naye akaendelea na wapagazi 50 kuelekea Busoga. Huko Buganda habari za Wajerumani kunyakua nchi upande wa pwani zilikuwa zimekwisha kufika, tena ulikuwako usemi kwamba adui wa ufalme atatokea mashariki. Kabaka Mwanga, kijana wa miaka kama 17, aliambiwa kwamba Mzungu anakuja kutoka mashariki. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini alimtazama kwa darubini ya bunduki, na tarehe 29 Oktoba askofu na wengi wa wapagazi wake waliuawa. Hatusemi haya ili kumhukumu Kabaka. Hofu yake juu ya Wazungu haikuwa ya bure, kama miaka iliyofuata ilivyoonyesha. Twasema kwa sababu nasi tumefanya vivyo hivyo, wala hatukuwa na umri wa miaka 17.

Sasa twende Bethsaida. Watu walimletea Yesu kipofu, naye akamshika mkono akamtoa nje ya kijiji. Akamtemea mate machoni, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Fikirini mtu huyo. Tangu gizani, sasa anaona mwanga! Ingekuwa rahisi kusema, Ndiyo Bwana, naona, asante, na kukimbia nyumbani. Yeye alijibu kwamba anaona watu, lakini wanaonekana kama miti, tena inatembea. Yaani: naona, lakini bado si sawasawa. Yesu hakumkemea kwa jibu hilo. Alimwekea mikono mara ya pili, na ndipo akaona kila kitu wazi. Kama angalisema mara ya kwanza kwamba yu mzima, angalirudi kijijini akiwasalimu miti.

Sisi wazee hatukulijibu swali hilo kama yeye. Kulikuwa na mama katika ushirika wetu aliyetunza fedha za mabati ya kanisa. Siku moja tukahesabu, tukakuta shilingi 3,400 hazipo. Mmoja wetu akakumbuka kwamba alimwona mama huyo akipanda gari usiku, wakati wa mvua. Mwingine akakumbuka kwamba mumewe hajalipwa miwa yake. Tukayatazama mambo hayo jioni nzima, tukakodoa macho, na kadiri tulivyokodoa ndivyo yalivyozidi kuwa wazi. Hakuna hata mmoja aliyesema, Ndugu zangu, naona kitu, lakini naona kama mti. Tukaandika barua ya kumwondoa katika kazi hiyo, na barua ikasomwa mbele ya watu wote Jumapili. Mama alisikiliza akiwa amekaa, hakujibu neno.

Miezi miwili baadaye mwanamke kijana alikuja na shilingi 3,400 katika kitambaa. Alisema ni deni lake kwa kanisa. Usiku ule wa mvua alikuwa mjamzito, damu ikaanza kumtoka, na mama yule alikodi gari kwa fedha za mabati akampeleka hospitali. Mtoto hakupona. Kijana alimwomba mama asiwaambie watu, na mama akanyamaza, hata siku ile ya barua.

Lakini subirini, wapendwa, hatujamaliza. Kabla ya kuzitoa fedha hizo, mama yule alikuwa amempigia simu mzee mmoja usiku huohuo kuomba ruhusa. Mzee akamjibu, Toa, mama, kesho tutaandika. Akarudi kulala, akasahau. Mzee huyo alikuwa pamoja nasi katika kikao kile. Alikodoa macho kama sisi, akatia sahihi. Ni mmoja wa hawa wanaozungumza nanyi sasa, naye ametuomba tusilifiche jambo hili.

Ndiyo maana tulicheka juu ya ule muwa begani, kisha tukaacha. Tulikuwa na darubini ya mkononi. Ilitosha kwenda nyumbani kwa mama, kuketi, na kuuliza, Mama, fedha hizi zimekwendaje? Ni mwendo wa dakika kumi kati ya mashamba ya miwa. Na msalaba, ambao tungepaswa kuutazama kwanza, tuliutaja katika sala ya kufungua kikao tu.

Tumesoma barua nyingine kanisani, ya kuomba radhi, kwa sauti ileile na Jumapili kama ileile. Kisha tukaenda kwake, wote. Alitukaribisha, Karibuni wazee, akatupa chai na viazi vitamu, akasema amesamehe. Tunaamini kwamba amesamehe. Lakini sasa anaabudu kwingine, ng'ambo ya barabara kuu, na tulipomwuliza kama atarudi alisema, Bado, wazee wangu. Yule mzee aliyesahau alitaka kusema neno akashindwa.

Tumekubaliana kwenda tena Jumanne. Hatutapeleka barua. Ninyi mnaotusikiliza, mlio karibu na mlio mbali, mtuombee siku hiyo.