Pensheni ya Mwalimu ni Haki, Si Hisani



Asiyejua haki yake huipokea kama sadaka. Basi tuihesabu pamoja. Mwalimu asiyeingizwa katika mfuko mpya wa mwaka 2021 azidishe mshahara wake wa msingi wa mwisho kwa miezi ya utumishi, kisha agawanye kwa 480. Shilingi 48,000 kwa miezi 360 ni pensheni ya 36,000 kila mwezi. Akitoa robo yake, atapata kiinua mgongo cha 2,160,000, na 27,000 kila mwezi.

Walio katika mfuko huchangia asilimia 7.5 ya mshahara. Serikali hutoa 15.

Tunawasihi: tunzeni barua za ajira na hati za mishahara. Serikali haitufadhili, inatulipa deni.